Mbwa mkali na mwalimu wa televisheni: Moshi ifuate somo lipi?

Kwenye mageti ya Shanty Town, Rau na Soweto, mjini Moshi, kibao cha "Mbwa mkali" ni kitu cha kawaida. Jioni, nyuma ya baadhi ya mageti hayo, king'amuzi huleta kipindi ambacho mwalimu wa mbwa anaingia katika familia iliyoshindwa na mbwa wake. Mbwa anabweka bila kukoma, ametafuna makochi, ameshamng'ata mgeni. Kabla ya saa moja kuisha ametulia, na mwenye mbwa anafuta machozi ya furaha.

Vipande vya vipindi hivyo sasa vinasambaa kwenye simu hadi Kibosho, Machame na Marangu, na mkanganyiko unasambaa navyo. Mwalimu mmoja anasema mbwa hana adabu kwa sababu hajui nani mkubwa wa nyumba. Mwingine anasema kumkemea ndiko kunakomharibu. Apewe kitafunwa kila anapofanya vizuri. Jirani anawasikiliza wote wawili kisha anauliza lake: mbwa akishakuwa mpole, nani atalinda ng'ombe?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa uzito. Linagusa usalama wa mtoto anayekatiza vihamba, yaani mashamba ya familia ya mlimani, alfajiri kwenda shule, na linagusa maisha ya mnyama anayeshinda kwenye mnyororo mwaka mzima.

Vipindi hivi vilianzia wapi

Mwalimu wa mbwa kuwa nyota wa televisheni si jambo jipya. Mwaka 1980 BBC ilimrusha Barbara Woodhouse, bibi wa Kiingereza aliyefundisha mbwa na wenye mbwa kwa sauti ya amri, akawa maarufu Uingereza nzima. Lakini kipindi kilichoieneza fani hii duniani kilianza Septemba 2004 kwenye National Geographic Channel: "Dog Whisperer", cha Cesar Millan, mzaliwa wa Mexico aliyeingia Marekani bila karatasi na kuanzia kwenye kazi za kuosha mbwa. Kiliendelea hadi 2012. Mwaka 2005 Channel 4 ya Uingereza ilianzisha "It's Me or the Dog", cha Victoria Stilwell, ambaye anapinga njia za Millan karibu katika kila jambo la msingi.

Vipindi vyote hivi vimejengwa kwa muundo mmoja. Familia inaomba msaada kwa ajili ya mbwa. Mwalimu anakaa, anatazama, kisha anageukia watu. Uhodari wa kweli wa vipindi hivi uko hapo. Vimewafundisha mamilioni ya watazamaji kwamba tabia ya mbwa haitenganishwi na tabia ya nyumba anamoishi, na kwamba anayehitaji darasa kwanza ni binadamu. Katika hilo Millan na Stilwell wanakubaliana. Ugomvi wao unaanza pale somo linapotakiwa kutolewa.

Mbwa wa mlimani na ajira yake

Kabla ya kupima walimu, ni lazima kumtazama mwanafunzi. Mbwa wa vipindi hivyo huishi sebuleni, hulala kwenye kochi, na kosa lake mara nyingi ni kuwasumbua watu wanaompenda mno. Mbwa wa Kilimanjaro ni mlinzi. Kwenye ukanda wa migomba na kahawa, vihamba vimebanana, vikigawanywa na mistari ya masale na njia nyembamba za miguu. Ng'ombe wa maziwa wako bandani karibu na nyumba, na mali yote ya familia imekaa ndani ya eneo dogo ambalo halina ukuta. Mbwa ndiye kengele ya eneo hilo. Chini zaidi, kuelekea tambarare za Siha, anakaa na mifugo na kubweka fisi anaposogea.

Ratiba yake inajulikana. Mchana amefungwa kwenye mnyororo au banda dogo, usiku anafunguliwa. Chakula chake ni ugali, makombo na mifupa, pengine dagaa. Wengi wanaamini kwamba kumficha asione watu mchana kunamfanya awe mkali usiku, na wapo wanaoamini kwamba pilipili kwenye chakula inamwongezea ukali.

Kwa hiyo kipindi cha televisheni kinapomwita mbwa anayebweka "mbwa mwenye tatizo", mtu wa Uru au Old Moshi ana haki ya kushangaa. Kubweka ndiyo kazi aliyopewa. Tatizo la hapa ni jingine: mbwa asiyeweza kumtofautisha mwizi na fundi wa umeme, au aliyefunguliwa usiku akachelewa kurudi, akakutana na wanafunzi njiani.

Msimamo wa kwanza: mwenye mbwa awe kiongozi

Hoja ya Millan ni kwamba mbwa ni mnyama wa kundi, na kundi lina kiongozi. Mwenye mbwa asipoishika nafasi hiyo, mbwa ataichukua. Dawa yake ina ngazi tatu kwa mpangilio huu: mazoezi, nidhamu, kisha mapenzi. Mwenye mbwa atulie, atembee mbele, aamue nani anapita mlangoni kwanza, na amrekebishe mbwa kwa kuvuta kamba kwa ghafla au kumgusa shingoni kwa vidole. Katika matukio mazito, mbwa hulazwa ubavu na kushikiliwa mpaka aache kupambana.

Sehemu ya hoja hii ina nguvu. Kuweka mazoezi mbele ya mapenzi ni ushauri mzuri kwa mbwa yeyote, na kwa mbwa anayeshinda kwenye mnyororo wa hatua mbili ni ushauri wa lazima. Kumtaka mtu atulie mwenyewe kabla ya kumtuliza mnyama nako kuna maana. Zaidi ya hayo, Millan aliwachukua mbwa wakubwa waliokuwa karibu kuuawa kwa sababu ya ukali, akaonyesha kwamba wengi wanaweza kubadilika. Yeyote anayewapenda wanyama hawezi kulipuuza hilo.

Msingi wa hoja ndio dhaifu. Nadharia ya mbwa anayegombea ukubwa ilitokana na utafiti wa Rudolf Schenkel uliochapishwa 1947, kuhusu mbwamwitu waliofungwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. David Mech, mtaalamu wa Marekani, aliieneza katika kitabu chake cha 1970. Baadaye Mech aliwafuatilia mbwamwitu wa porini kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, na mwaka 1999 akachapisha alichokiona: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa kuwa ni wazazi, si kwa kuwa wameshinda vita vya madaraka. Mech mwenyewe alimwomba mchapishaji aache kukitoa kile kitabu cha zamani.

Udhaifu wa pili uko katika kile ambacho mtazamaji anakiita utulivu. Mwaka 1967 Martin Seligman na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mbwa aliyepigwa shoti za umeme asizoweza kuzikwepa huacha kujaribu kujiokoa hata anapopewa njia ya kuzikwepa. Mbwa aliyelazwa chini na kushikiliwa anaweza kunyamaza kwa sababu hiyohiyo. Amekata tamaa, hajaelewa. Anayejua kusoma mwili wa mbwa ataona masikio yaliyolala nyuma, mkia uliobanwa, ulimi unaolamba pua mara kwa mara na macho yanayokwepa. Mtazamaji wa kawaida, akiongozwa na muziki wa kipindi, anaona mbwa aliyepata adabu.

Udhaifu wa tatu ni hatari kwa mwigaji. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliofika kliniki ya tabia. Kati ya waliojaribu kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walisema aliwajibu kwa ukali. Waliomlaza chali kwa nguvu ni asilimia 31. Waliomkazia macho, asilimia 30. Ni haki kusema kwamba hao walikuwa mbwa wenye matatizo tayari, na taarifa zilitoka kwa wenyewe. Lakini ndio hasa mbwa ambao mtu huwaiga walimu wa televisheni kwa ajili yao. "Dog Whisperer" yenyewe iliweka onyo kwenye skrini kwamba mtazamaji asijaribu njia hizo bila mtaalamu, na Millan alishang'atwa mbele ya kamera na Labrador aliyekuwa akilinda bakuli lake la chakula.

Msimamo wa pili: zawadi kabla ya adhabu

Upande wa Stilwell unasimama pamoja na madaktari wengi wa mifugo waliobobea katika tabia. Chama cha madaktari hao nchini Marekani kilitoa tamko mwaka 2008 dhidi ya kutumia nadharia ya ukubwa katika kurekebisha mbwa. Hoja yao ni nyepesi kueleza: mnyama hurudia kinachomlipa. Mwalimu akitafute kile anachotaka mbwa afanye, akilipe papo hapo, na aondoe mazingira yanayochochea kosa.

Ushahidi wa upande huu umekuwa ukiongezeka. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha kazi yao juu ya mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za eneo la Porto. Waliofundishwa zaidi kwa maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo ilipanda zaidi kwenye mate yao baada ya somo. Walipowekewa bakuli mahali ambapo hawakuwa na uhakika kama lina chakula, waliliendea polepole kuliko wenzao wa shule za zawadi, kama wanyama wasiotarajia jema.

Mtanzania hahitaji kwenda Porto kuona njia hii ikifanya kazi. Morogoro, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu 2000. Panya huzoeshwa binadamu tangu wadogo, kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kidude cha mkononi maana yake ni chakula: kipande cha ndizi au karanga. Kwa mlio huo na ndizi hiyo wanafikia kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Hakuna aliyemlaza Magawa chali ili ajue nani mkubwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Moshi. Usa River, kwenye barabara ya kwenda Arusha, mpango wa mbwa wa uhifadhi ulioanzishwa na African Wildlife Foundation mwaka 2014 umekuwa ukifundisha mbwa na askari wao kutafuta pembe za ndovu na nyara nyingine kwenye bandari na viwanja vya ndege. Ujira wa mbwa anayegundua pembe ni mchezo na mpira wake. Hao ni mbwa wa kazi nzito, na zawadi haikuwafanya legelege.

Njia hii nayo ina mapungufu yake. Inadai muda na kumlipa mbwa kwa sekunde sahihi. Kitafunwa kikichelewa, mbwa atakuwa amelipwa kwa jambo jingine. Inadai pia watu wote wa nyumba wafuate kanuni moja, jambo gumu pale ambapo baba anampongeza mbwa kwa kumfukuza mpita njia na mama anamkemea kwa hilohilo. Kwa mbwa ambaye tayari ameng'ata watu mara kadhaa, zawadi ya dagaa peke yake haimtibu. Anahitaji daktari, na wakati mwingine uamuzi mgumu. Hata vipindi vya zawadi hukatwa na kuunganishwa ili miezi ya kazi ionekane kama siku mbili.

Msimamo wa tatu: ukali ndiyo kazi yake

Msimamo huu hauna kipindi cha televisheni, ila ndio wenye wafuasi wengi zaidi mlimani. Unasema mbwa hafundishwi. Anafungwa, anafunguliwa, na maumbile yanafanya mengine. Una sababu zake. Wizi wa mifugo na mazao ni wa kweli, ulinzi wa kulipia ni ghali, na mbwa wa kienyeji anakula kidogo. Kumtembeza mbwa kwa kamba mtaani nako kuna vikwazo: mbwa wengine wako huru, watoto wanarusha mawe, na majirani Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, yanayoyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, wana haki ya kutoguswa naye.

Kasoro yake ni kwamba unachanganya woga na ulinzi. Katika kitabu chao cha 1965, John Paul Scott na John Fuller walieleza kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu, takriban wiki ya 3 hadi ya 12, ambacho ndani yake anajifunza nani ni wa kawaida duniani. Mtoto wa mbwa anayepitisha wiki hizo bandani, akiona watu wawili tu, atamwogopa kila mtu wa tatu maisha yake yote. Mbwa wa namna hiyo anabweka usiku kucha kwa kila kishindo, mpaka mwenye nyumba anaacha kuamka. Akivunja mnyororo, anang'ata aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa jirani. Mwizi aliyejipanga amekuja na nyama yenye sumu.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Mnyororo mfupi juani, bila maji, ni mateso, na haujawahi kuwa lazima.

Kipimo kisichoonekana kwenye skrini

Vipindi vya Marekani na Uingereza havizungumzii kichaa cha mbwa, kwa sababu huko ugonjwa huo hauenezwi tena kutoka mbwa hadi mbwa. Hapa ndicho kipimo cha kwanza. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa 2002 yalikuwa takriban vifo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya uhakika. Ndiyo maana kidonda cha mbwa huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi akawahi hospitali kwa chanjo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Kuua mbwa wanaozurura, jambo ambalo halmashauri kadhaa nchini zimewahi kulifanya, hakuzuii ugonjwa; wengine huingia haraka kuchukua nafasi. Kinachozuia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Na hapa mafunzo yanakutana na afya ya umma. Siku ya chanjo, mbwa anatakiwa kufikishwa kituoni kwa kamba, katikati ya watu na mbwa wengine, kisha ashikwe achomwe sindano. Mbwa ambaye hajawahi kuvaa kamba isipokuwa mnyororo wa kufungiwa hafikishwi, na mara nyingi anabaki nyumbani bila chanjo. Mbwa mkali kuliko wote kijijini ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukosa sindano, na ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kung'ata.

Kuweka mizani

Misimamo hii ikipimwa pamoja, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, njia ya ubabe ina faida ya kuonekana haraka, na gharama yake inalipwa baadaye na mtu mwingine: mtoto, mgeni, daktari wa mifugo. Inaficha onyo bila kuondoa woga, na mbwa aliyezoeshwa kutonguruma hung'ata bila kutangaza. Pili, njia ya zawadi ni ya polepole lakini makosa yake hayajeruhi. Mwenye mbwa akikosea muda wa kutoa dagaa, amepoteza dagaa. Akikosea kumlaza mbwa chini, anaweza kupoteza kidole. Tatu, hoja ya ulinzi ni ya haki, ila haihitaji mnyororo wa mchana kutwa. Mlinzi mzuri ni anayewajua watu wa kawaida vizuri kiasi cha kumtambua asiye wa kawaida.

Kwa mazingira ya kihamba, somo la zawadi linaweza kupunguzwa hadi vitu vichache visivyo na gharama. Mtoto wa mbwa azoeshwe watu wengi, wa rika zote, kabla ya wiki ya 12. Mnyororo ubadilishwe kwa banda pana, au kwa waya mrefu uliotandazwa ambao pete ya mnyororo inateleza juu yake, penye kivuli na maji. Kabla ya kumfungua usiku, mwenye nyumba amtembeze ndani ya mipaka ya masale kwa robo saa, akimlipa dagaa kila anapofuata bila kuvuta.

Kwa mbwa anayelinda sahani, kuna zoezi jepesi. Mtu mzima anapita umbali ambao mbwa hangurumi, anatupa kipande kizuri kuliko kilichomo kwenye sahani, kisha anaondoka. Kesho anarudia, na umbali unapungua siku hadi siku, bila haraka. Baada ya wiki kadhaa, hatua za binadamu zinakuwa habari njema kwa mbwa. Zoezi hili halifanywi na watoto, na mbwa aliyekwisha kung'ata aanzie kwa daktari.

Kwa ufupi

Vipindi vya kufundisha mbwa vimesema kweli kuhusu wajibu wa mwenye mbwa. Kuhusu njia, ushahidi umeelemea upande wa zawadi, na nadharia ya mbwa anayegombea ukubwa imeachwa hata na aliyeieneza. Mazoea ya mlimani yana sababu zake za kiuchumi, lakini yanazalisha mbwa mwoga badala ya mlinzi, na yanakwamisha chanjo.

Kilichobaki ni somo kumfikia mwenye mbwa kwa lugha na mazingira yake. Afisa mifugo anayeendesha siku ya chanjo anaweza kutumia dakika tano kuonyesha jinsi ya kumvisha mbwa kamba, na shule za msingi zinaweza kuwafundisha watoto kutokimbia mbele ya mbwa na kutomsogelea anapokula. Vituo vya televisheni vya Tanzania, navyo, vina nafasi ya kutengeneza kipindi chao: mbwa wa kienyeji, kihamba halisi, daktari wa mifugo aliyesomea Sokoine kama mwalimu, na kazi ya miezi mitatu ionyeshwe kuwa ni ya miezi mitatu.